SHOKOMZOBA ZA LAND ROVER YA ZAMANI: KUZICHAGUA NA KUZIFUNGA



Katika mashamba ya chai na ya miwa, na katika viwanda vilivyo mbali na mji, bado tunaziona Land Rover zilizotengenezwa kabla ya wengi wenu kuzaliwa. Zinapeleka wagonjwa hospitali, zinabeba mbolea na spea za mashine, na jioni zinarudisha watu kumi waliobanana kwenye mabenchi ya nyuma. Injini imekwisha kubadilishwa, bodi imepigwa rangi mara nyingi, lakini gari linatembea. Kitu kinachosahauliwa ni shokomzoba, ambazo wengine huziita shokapu. Hazikumbukwi mpaka siku gari linaporuka kwenye kona na kutua mtaroni.

Madereva na mafundi wametuuliza maswali mawili: tununue zipi, na tuzifunge vipi. La kwanza ni la fedha. La pili ni la uhai, maana katika Land Rover hizi kuna hatari moja ya breki ya mkono ambayo hata mafundi wazoefu wa magari mengine hawaijui. Tutaieleza mahali pake. Yeyote anayetaka kuingia chini ya gari leo, kabla hajamaliza kusoma ukurasa huu, asome kwanza sehemu hiyo.

Tunazungumzia gari lipi?

Land Rover ya kwanza ilitoka Uingereza mwaka 1948. Aina ya pili ilianza mwaka 1958, na aina ya tatu ilitengenezwa tangu 1971 hadi 1985. Zilizobaki kwetu kwa wingi ni za aina ya pili na ya tatu, fupi ya inchi 88 na ndefu ya inchi 109. Inchi hizo ni umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, si urefu wa gari zima. Zote zina springi za mabamba ya chuma yaliyopangana, mbele na nyuma. Zile zilizofuata kuanzia mwaka 1983 zina springi za koili, na shokomzoba zake ni nyingine. Muuza spea akikuambia, "Hii ni ya Land Rover, chukua," hajakuambia kitu. Mwambie aina, mwambie inchi, mwambie mbele au nyuma. Za mbele na za nyuma hazilingani, na za gari fupi na refu hazilingani.

Kazi ya springi na kazi ya shokomzoba

Makosa mengi ya kununua yanatokana na kuchanganya kazi hizi mbili. Springi ndiyo inayobeba uzito wa gari na mzigo. Shokomzoba haibebi. Gurudumu likipanda jiwe, springi inabanwa. Likishuka, springi inajifungua kwa nguvu na kulirusha gari juu, kisha gari linashuka na kuibana tena. Bila kitu cha kutuliza, gari lingeendelea kudunda hivyo, na kila gurudumu linapokuwa hewani usukani na breki havina kazi.

Ndani ya shokomzoba kuna oili na pistoni yenye vitundu na vali ndogo. Gurudumu likipanda au kushuka, pistoni husukumwa ndani ya oili, na oili hulazimika kupita kwenye vitundu hivyo kwa shida. Shida hiyo ndiyo breki ya springi. Nguvu ya kudunda inageuka joto, na joto hutokea kwenye ganda la shokomzoba. Kwa hiyo mtu anayenunua shokomzoba nene ili gari lililobonyea nyuma liinuke amepoteza fedha. Gari lililobonyea lina springi zilizochoka au bamba lililovunjika. Shokomzoba za gesi zinaweza kuliinua kidogo sana, lakini hiyo siyo dawa.

Kujua kama zimekufa

Wengi hukandamiza kona ya gari kwa mikono na kuiachia, wakitazama linadunda mara ngapi. Kwa gari dogo la springi za koili njia hii inafaa. Kwa Land Rover haitoshi, kwa sababu mabamba ya springi yanasuguana yenyewe na msuguano huo unatuliza gari hata kama shokomzoba haina oili ndani. Tena mabamba yakishika kutu na kugandamana, gari huwa gumu kama mkokoteni, na dereva hulaumu shokomzoba. Kabla ya kununua chochote, safisha springi kwa brashi ya waya, tazama kama kuna bamba lililopasuka, pakaza mafuta kati ya mabamba, na kaza zile bolti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli. Tumeona magari yaliyopona kwa kazi hiyo tu, bila kununua hata washa moja.

Njia tunayoiamini ni hii. Endesha gari dakika kumi au kumi na tano kwenye barabara ya changarawe yenye makunyanzi kama bati la kuezekea. Simama, kisha karibisha mkono kwenye kila shokomzoba bila kuishika ghafla, kwa sababu nyingine inaweza kukuunguza. Iliyo moto inafanya kazi. Iliyobaki baridi wakati mwenzake wa upande wa pili ni moto imekufa, au mpira wake wa kushikia umeisha na inacheza bure. Tazama pia mchirizi wa oili kwenye ganda. Unyevu mdogo wenye vumbi si jambo la kutisha, lakini oili inayotiririka ina maana kwamba sili imekwisha. Tairi lililolika kwa mabonde mabonde kuzunguka mzingo wake linatoa habari hiyo hiyo.

Unayoyaona yaandike kwenye kitabu cha gari, pamoja na tarehe, kabla ya kumwambia msimamizi kwa mdomo. Katika shamba moja dereva aliandika mara tatu kwamba shokomzoba za mbele zinavuja. Gari lilipoacha njia, aliambiwa alipe matengenezo kwa kukatwa mshahara. Mistari ile mitatu ndiyo iliyoongea badala yake mezani. Angekuwa amesema kwa mdomo tu, tungekuwa na neno lake dhidi ya neno la meneja.

Kuchagua: pima kwanza

Watu huchagua kwa rangi, kwa jina la kampuni, au kwa unene. Sisi tunasema chagua kwa urefu kwanza. Kila shokomzoba ina urefu wa aina mbili: ikiwa imefungwa yote na ikiwa imevutwa yote. Ikiwa ndefu mno inapofungwa, basi gari likizama shimoni shokomzoba itagonga mwisho wake kabla springi haijafika kwenye mpira wa kizuizi ulio chini ya chasisi. Hapo uzito wote wa gari na abiria unashuka juu ya kijiti kimoja cha chuma, na matokeo yake ni mshikio uliong'oka au chasisi iliyopasuka. Ikiwa fupi mno inapovutwa, ekseli itaning'inia kwenye shokomzoba badala ya springi, na mipira itakatika kwa wiki chache.

Kwa gari ambalo halijabadilishwa springi, nunua za kipimo cha kiwanda, basi. Lakini magari yetu yamepita mikononi mwa watu wengi. Moja lina springi za lori dogo, jingine limeongezwa mabamba mawili, jingine limewekewa springi mpya zenye mabamba machache. Gari kama hilo lazima lipimwe.

Pima hivi. Gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake kwenye ardhi sawa, pima kutoka katikati ya mshikio wa juu hadi katikati ya mshikio wa chini. Tuseme umepata sentimita 44. Sasa pima nafasi kati ya ekseli na mpira wa kizuizi. Tuseme ni sentimita 8. Toa 8 kwenye 44, unabaki na 36. Mpira wenyewe hubonyea ukigongwa, kwa hiyo toa 2 zaidi: 34. Shokomzoba yako ikifungwa yote isizidi 34. Ikiwa 33 ni salama. Kisha inua chasisi mpaka gurudumu lining'inie, weka stendi imara, na upime tena. Tuseme ni 51. Basi shokomzoba ikivutwa yote iwe 53 au zaidi. Namba hizi ni mfano wa hesabu tu. Gari lako lina namba zake. Kisha nenda dukani na futi, na uipime shokomzoba mbele ya muuzaji.

Baada ya urefu ndipo uamue oili au gesi. Ile ya kawaida ina mirija miwili, mmoja ndani ya mwingine, yenye oili na hewa kidogo. Kwenye makunyanzi ya barabara ndefu pistoni hupiga haraka mno, oili huchanganyika na hewa na kuwa povu, na povu halizuii kitu. Dereva anajua hali hiyo hata kama hajui sababu yake: asubuhi gari ni zuri, baada ya kilomita arobaini linaanza kuelea. Katika shokomzoba ya gesi, naitrojeni iliyoshindiliwa inaibana oili ili povu lisitokee kwa urahisi. Kwa gari linalozunguka ndani ya shamba kwa mwendo wa polepole, ile ya oili inatosha na bei yake ni ndogo. Kwa gari la wagonjwa linalokwenda hospitali ya mbali kwa barabara ya changarawe, tungeongeza fedha tununue ya gesi.

Ile inayouzwa kwa sifa ya ugumu tunaionea mashaka. Ugumu unamfaa anayebeba mzigo mzito kila siku na ambaye springi zake ni ngumu vilevile. Kwenye gari la inchi 88 linalobeba watu wanne, shokomzoba ngumu zitawavunja migongo na kuyafanya magurudumu yaruke juu ya mawe badala ya kuyafuata. Aliyekaa benchi la nyuma ndiye anayelipa.

Halafu kuna mtego wa spea za zamani zilizokaa dukani miaka mingi. Zinavutia, kwa sababu ni za kiwanda na boksi bado liko. Lakini mpira wa sili hukauka hata kama shokomzoba haijawahi kufungwa. Ivute yote na utazame kile kijiti kinachong'aa: ukiona vidoa vya kutu, iache, maana kutu hiyo itaikata sili kama msasa. Isimamishe wima, uisukume na kuivuta mara tano au sita. Lazima ikupinge kwa nguvu iliyo sawa mwendo mzima, na kwa kawaida kuvuta huwa kugumu kuliko kusukuma. Ukisikia pengo katikati baada ya mara hizo sita, yaani mkono unapita bure halafu unakwama, irudishe. Tazama pia ulehemu wa zile pete za mwisho. Za kuigiza mara nyingi zina ulehemu mbaya, na uzito wake mkononi ni mdogo kuliko ya kweli.

Nunua mbili kwa ekseli moja. Ukiweka mpya kulia na kuacha nzee kushoto, gari litainama vibaya kwenye kona na kuvuta upande linapofunga breki.

Hatari ya breki ya mkono

Katika magari mengi breki ya mkono hukamata magurudumu ya nyuma yenyewe. Katika Land Rover hizi sivyo. Dramu yake iko nyuma ya giaboksi, pale propela ya nyuma inapoanzia, kwa hiyo inakamata propela, haikamati gurudumu. Kati ya propela na magurudumu kuna difu, na kazi ya difu ni kuruhusu gurudumu moja lizunguke tofauti na lingine. Ukiinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, lile la hewani linaweza kuzunguka upande mmoja na lile la chini likazunguka upande wa pili, huku propela imesimama tuli. Maana yake gari linaweza kutembea na kuanguka kutoka kwenye jeki ingawa breki ya mkono imevutwa hadi mwisho. Kuingiza gia hakusaidii, kwa sababu gia nayo inashika propela ile ile.

Kwa hiyo weka vigingi vya mbao au mawe makubwa mbele na nyuma ya magurudumu yote yanayobaki chini, hata kama ardhi inaonekana sawa. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Weka stendi za chuma au magogo mapana chini ya chasisi. Matofali hayafai; hupasuka bila kutoa ishara.

Tena mara nyingi huna haja ya kuinua gari kabisa. Springi za mabamba zinaishika ekseli mahali pake hata shokomzoba ikitolewa, na gari hili liko juu, mtu anaingia na spana zake. Mbele, pindua usukani ili upate nafasi. Sisi tunapendelea njia hiyo. Gari lililosimama kwa magurudumu yake manne, likiwa na vigingi, ni salama kuliko lililo juu ya stendi.

Kuzifunga

Siku moja kabla, safisha matope na upakaze mafuta ya kulegeza kutu kwenye nati na bolti zote. Usitumie moto wa gesi ya kulehemu karibu na shokomzoba. Oili iliyofungiwa ndani inaweza kulipuka.

Kwa kawaida mwisho wa chini umevishwa kwenye kijiti cha bamba lililo chini ya springi, na unashikwa na washa na kotapini. Mbele, mwisho wa juu una bolti inayopita kwenye mshikio wa chasisi. Toa kotapini, toa washa na mpira wa nje, fungua juu, kisha ivute yote nje. Kijiti kikiwa kimelika au kimepinda, kushughulikie sasa, maana mpira mpya juu ya kijiti kibovu hautadumu mwezi.

Kabla ya kufunga shokomzoba mpya yenye mirija miwili, isimamishe wima na kuipiga pampu mara tano au sita, kwa sababu ikilazwa dukani hewa huingia sehemu ya kazi. Ikisha kupigwa pampu usiilaze tena. Usikishike kile kijiti kinachong'aa kwa koleo. Mkwaruzo mmoja unatosha kuiua sili. Za gesi huja zimefungwa kwa ukanda na hujifungua zenyewe kwa nguvu, kwa hiyo ukate ukanda ikiwa imekwisha kushikwa upande mmoja, na uso wako uwe mbali.

Mipira ipakwe maji ya sabuni ili iingie. Usiipake grisi wala oili, kwa kuwa huozesha mpira. Kazi ya jasho ni kurudisha kotapini: mpira mpya ni mnene, washa inasukumwa nje, na tundu la kotapini halionekani. Usipige nyundo. Chukua jiliwa kubwa ya mkono, ibane washa dhidi ya upande wa pili wa mshikio mpaka tundu litokee, ndipo upitishe kotapini. Iwe mpya kila mara, na ncha zake zipindwe vizuri. Kotapini ya zamani iliyonyooshwa ni waya iliyokwisha kuchoka.

Bolti zinazopita kwenye mpira zikazwe mara ya mwisho gari likiwa limesimama kwa uzito wake. Ukizikaza gurudumu likiwa linaning'inia, mpira utakuwa umepindika muda wote gari liko barabarani, na utachanika mapema.

Kisha pindua usukani kulia hadi mwisho, na kushoto hadi mwisho, huku mwenzako akitazama kama mpira wa breki au tairi linagusa shokomzoba. Endesha polepole, rudi, tazama tena kila kotapini, na ukaze nati baada ya siku mbili tatu za kazi. Shokomzoba nzee zisitupwe motoni wala kukatwa kwa msumeno kama ni za gesi. Oili ya zile zilizokwisha kutoboka ikingwe kwenye debe na iwe mbali na mtaro unaoteremka kisimani. Tarehe ya kazi, aina ya shokomzoba na urefu wake viandikwe kwenye kitabu cha gari, ukurasa ule ule ulioandikwa kwamba zinavuja.